Kisanduku cha Tano

Fomu hii ya likizo ina visanduku vinne:
mwaka, ugonjwa, uzazi, msiba.
Nimeigeuza, nyuma ni peupe.
Nimeisoma tena kutoka juu.
Kampuni inajua mtu huzaliwa,
inajua mtu huzikwa,
ya katikati haijapata habari zake.

Jina: Kemunto Ombati.
Idara: ufungaji, mstari wa tatu,
pale rangi ya nyumba inapoingia koponi
nami nikagonga mfuniko,
makopo elfu moja na mia mbili kwa zamu.
Namba yangu ya kazi mnayo.

Sababu ya kuomba ruhusa:
Baba yangu yu hai.

Hai kabisa. Saa tisa za usiku huamka,
huvaa koti la reli lisilo na vifungo,
hupapasa taa yake ya kijani uvunguni mwa kitanda.
Miaka thelathini alizipa treni njia pale Makadara,
hakuchelewesha hata moja,
na sasa kila usiku kuna moja inayomsubiri.
Namwambia, "Imeshapita, Baba."
"Nani aliipa njia?"
"Mimi."
Hunikagua kama anayemkagua kibarua mgeni,
kisha hulala.
Mimi silali.
Saa kumi na moja nachemsha uji, namnywesha kwa kijiko,
namwachia ufunguo Mama Syombua wa mlango wa pili
na shilingi mia mbili, siku nilizo nazo.
Saa moja kamili kidole changu kiko kwenye mashine ya langoni.
Kagueni. Sijakosa.

Simu hukaa kabatini, ndiyo sheria,
rangi na cheche hazipatani, naelewa.
Ila Machi ile Baba alitoka na taa yake,
akaifuata reli kutoka Dandora kuelekea Mwiki
akitafuta mahali pa kusimama.
Simu ililia mara kumi na saba ndani ya bati.
Nilizihesabu jioni.
Aliyemrudisha ni kijana wa mahindi ya kuchoma.
Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Tangu siku hiyo msimamizi Musembi
alinipa namba ya mezani kwake, ile simu ya waya,
akampa na Mama Syombua.
Alhamisi za kliniki alibadilisha zamu yangu na ya Atsango,
kimya kimya, kwa penseli.
Hakuniuliza cheti. Aliniuliza, "Anakula?"
Baadaye nikasikia alimuuguza mamake miaka sita
huku akiandika kwenye fomu kama hii
kwamba ana vidonda vya tumbo.

Juni, Musembi alihamishiwa Athi River.
Aliondoka na penseli yake.
Msimamizi mpya si mtu mbaya.
Alifungua daftari, akapekua, akaniuliza,
"Imeandikwa wapi?"
Na kweli, haikuandikwa popote.

Ndiyo maana naandika.
Siombi pesa, ingawa pesa nazo zina kazi yake.
Siombi huruma. Huruma ina miguu,
imehamia Athi River.
Naomba wino.
Saa nne za Alhamisi, nitazilipa Jumamosi.
Namba moja itakayopokelewa nikitafutwa.
Na nisilazimike kumzika shangazi nisiye naye
ili nimpeleke Baba kupimwa macho.
Wako wenzangu, sitawataja.
Hesabuni tu shangazi waliokufa mwaka huu
mstari wa tatu peke yake.

Chini ya msiba palikuwa na nafasi kidogo.
Nimechora kisanduku cha tano kwa kalamu yangu.
Kimepinda, mkono ulikuwa na usingizi.
Sikujua nikipe jina gani.
Nimeandika: Bado yupo.
Nimetia alama.

Sahihi ya mwombaji: hiyo hapo.

Sahihi ya meneja: